Jibu la Mwalimu

Tangu tushuke kutoka Soni, milima ya Usambara, tulikomzika mwalimu wangu wa sayansi wa sekondari, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Mazishi yenyewe yalikwenda vizuri, Mwalimu amezikwa na watu wengi kama alivyostahili. Kinachonikosesha usingizi ni maneno ya Mama Mwalimu. Nilimfuata kwenye mkeka kumpa mkono kabla ya kuwahi gari la Mombo, nikamwamkia, akanishika asiniachie.

“Wewe ndiye yule binti wa maji?”

“Ndiyo, mama. Alinifundisha.”

“Mwalimu alikuwa anakungoja. Alisema jibu lake unalo.”

“Jibu la nini, mama?”

“Mimi nitalijulia wapi, mwanangu? Alisema tu, yule akija atakuja nalo.”

Wakaja wazee wa kanisa, akainuliwa, ikaishia hapo. Wiki hii dada amejifungua mvulana, wote wazima, na kazini tumehamia jengo jipya na kila kitu kiko kwenye maboksi. Mimi bado niko kwenye ule mkeka. Anakungoja. Jibu lake unalo. Jibu lipi?

Nilianza na maharage. Mnakumbuka niliwahi kuandika tulivyolalamika shuleni kwamba maharage hayaivi, tukamtupia lawama mpishi. Mwalimu alikuja jikoni na kipimajoto, akatuita tuone sufuria inatokota na zebaki imesimama kwenye nyuzi 95 hivi, haipandi tena hata kuni ziongezwe. Lushoto iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huko haiyakandamizi maji sana, ndiyo maana yanachemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha. “Mpishi hana kosa,” akasema, na mama yule akampakulia ukoko. Lakini hilo alilijibu mwenyewe palepale.

Labda ni lile la bureti. Tulikuwa na bureti moja, ule mrija wa kioo wa kudondoshea asidi tone kwa tone, kwa darasa zima (kampeni ya kujenga maabara za shule za kata ilikuja mwaka 2014, sisi tulishamaliza), kwa hiyo kila tone lilitazamwa na macho ya watu wote. Asidi na besi, kinyume chake, zikikutana sawasawa, fenolifthalini, ile dawa ya kuonyesha rangi, inageuka waridi hafifu. Nikaiacha flaski dirishani, niliporudi rangi imekwisha. Nikamuuliza imekwenda wapi. Akasema, “Kitu gani kimeingia humo ulipoondoka?” Hewa. Kabonidayoksaidi ya hewani inayeyuka humo ndani, inaimaliza besi iliyobaki. Leo upimaji huo wa matone ndiyo kazi yangu ya kila siku kwenye maji ya bomba, na hilo jibu nilimpelekea zamani.

Limebaki moja. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mwaka 1963, walipokuwa wanatengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo, akaingiza maziwa yake yangali ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa; baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Wenzake wakamcheka alipouliza tena hapo Mkwawa mbele ya Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne alirudi Dar akapimisha, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Mwalimu wetu kila alipofika kwa yule mwalimu wa “fizikia ya Mpemba”, sauti ilimbadilika. Yeye hakucheka swali la mtoto hata siku moja. Akishindwa alisema, “Sijui. Tupime.”

Na tulipima, kwa friji ya mama muuza soda. Siku moja maji ya moto yalitangulia kuganda, siku nyingine ya baridi. Nikakasirika, nikataka aniambie lipi ni kweli. Ndipo aliposema, sasa naisikia kabisa: “Hilo utaniletea wewe.”

Nimesoma usiku kucha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba hata kuhamisha kipimajoto kidogo tu kunaweza kubadili matokeo. Wengine bado wanabishana nao. Wataalamu wazima, wenye vyombo vyao! Hapo nikacheka peke yangu gizani, kwa furaha, hadi Baba Junior akaamka. Mwalimu alijua jibu halijapatikana. Alinipa mimi, binti wa kidato cha tatu mwenye sketi iliyofumuka pindo, swali ambalo wakubwa hawajalimaliza, na miaka yote hii akawa anamwambia mkewe nitakuja nalo. Aliniona mtu wa kupewa hilo.

Nitampigia Mama Mwalimu Jumapili, akishatoka ibadani, nimweleze ni lipi.

Nyumbani nako kuna jambo la jirani. Ameinua ukuta juu ya mtaro, maji hayana pa kupita, na tangu jana mawingu yamejaa. Baba Junior anasema tumsubiri mwenyekiti wa mtaa arudi safari. Mimi nimeshapandisha magunia ya mahindi juu ya meza.