Taa Iliyomchubua Padre

Padre wetu aliporudi Kigoma kutoka likizo kwao Uholanzi, watoto walimkimbia. Paji la uso na mashavu yalikuwa mekundu, yanabanduka magamba, kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Alikuja huku akiwa kijana, akashinda juani miaka yote kwa pikipiki na mitumbwi, na ngozi yake ikazeeka kabla yake.

Alitukuta Kibirizi tunageuza dagaa mchangani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Padre, umeunguzwa na nini tena?" mama akauliza.

"Taa, mama."

Akakaa juu ya ndoo akatueleza. Hospitali ya kwao walimpaka dawa usoni, wakaifunika kwa muda wa saa tatu hivi. Dawa ile hukusanyika zaidi kwenye seli zilizoharibiwa na jua, na humo hugeuka kitu kinachonasa mwanga. Ndipo wakamwashia taa nyekundu. Mwanga ukiikuta dawa, oksijeni iliyomo kwenye ngozi inakuwa sumu kwa seli zile, zinakufa. Alisema ilimchoma mpaka akauma meno, na siku mbili zilizofuata alijifungia ndani na mapazia yameshushwa, maana hata jua la dirishani lingeiamsha dawa. Walikuwa wanaondoa vigamba kabla havijawa saratani. Mikunjo nayo hupungua kidogo, lakini hilo halikumshughulisha.

Mdogo wangu aliacha kazi kusikiliza. Ana ualbino. Alikuwa na miaka 19, ila shingo yake ilikuwa na mikunjo ya mama wa makamo, na midomo ilipasuka kila kiangazi. Pale ufukweni jua linakupiga kutoka juu, kisha linakurudia kutoka majini na mchangani.

"Padre, mimi nina kama hicho," akasema, akakunja sikio.

Nyuma yake kulikuwa na kigamba kigumu, kinakwaruza ukikigusa. Tulikuwa tukikibandua kinarudi. Padre alikitazama kwa muda mrefu.

"Kina muda gani?"

"Tangu masika yaliyopita."

"Mama, huyu asikae. Asafiri."

Mama akauliza taa ile iko wapi. Padre akamwambia ukweli: Kigoma haipo. Mpaka leo jambo hili linaniuma. Taa ya kutibu madhara ya jua iko kwenye nchi za mawingu, na mtoto asiye na rangi ya kumkinga anaanika dagaa saa sita mchana.

Alituandikia barua, tukapanda gari mpaka Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo tangu 1992. Huko walitumia baridi badala ya mwanga: naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikapulizwa nyuma ya sikio sekunde chache, moshi mweupe ukatoka, ngozi ikawa nyeupe pe.

"Dada, wananichoma au wananigandisha?" aliniuliza, amenibana mkono.

Tulirudi na losheni ya kukinga jua inayotengenezwa palepale kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mama alimwondoa mchangani siku hiyohiyo, akampa kopo la kupimia na kiti ndani ya kibanda. Mteja akimwita atoke nje kumchagulia dagaa, mama anamjibu yeye: "Aliyeko kivulini haitwi juani. Njoo wewe."