Nilivyoipata Chulebuni Mtandaoni

Msimu wa mvua uliopita, matunda mabichi ya mibuni yangu hapa Kibosho yaliota madoa meusi yaliyobonyea, kisha yakakauka yakiwa bado tawini. Mpwa wangu anayesoma mjini Moshi alinishauri, "Mjomba, ulizia mtandaoni kama unavyomuuliza mtu." Nikamsikiliza, ole wangu. Nikaandika shauri lote kwa adabu, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kwamba kahawa yangu ina madoa meusi na naomba dawa. Nikafundishwa namna ya kutoa madoa ya kahawa kwenye shati jeupe, na bibi mmoja wa ng'ambo akanionyesha, kwa video ndefu iliyomaliza bando la kama elfu mbili, jinsi ya kupaka masimbi ya kahawa chini ya macho.

Mzee mmoja aliyeyaona matunda hayo alitamka neno moja tu, jina la ugonjwa wa matunda ya kahawa: "Chulebuni." Niliandika hilo peke yake, na kwa mara ya kwanza nikaletewa shamba badala ya kikombe. Humo nikaliokota jina la kitaalamu la kuvu anayeuleta ugonjwa huo, Colletotrichum kahawae, nikalifunga ndani ya alama za kunukuu ili maneno hayo mawili yasitenganishwe.

Sasa zikamiminika habari za Kenya, ambako ugonjwa huo uliripotiwa mwaka 1922, ilhali mimi nilitaka za kwetu. Nilikuwa nimesikia kwamba alama ya kutoa huondoa neno usilolihitaji, basi nikaiweka, nikaacha nafasi kama nilivyofundishwa shuleni, nikaandika Kenya. Kenya ikazidi! Nilihangaika jioni mbili nzima kabla ya kugundua kwamba alama hiyo sharti igandane na neno, la sivyo unakuwa umeliomba lile lile unalolikimbia. Ukiandika site:tz, ambayo hubakiza kurasa za anwani zinazoishia na tz, usiache nafasi baada ya nukta mbili. Vivyo hivyo filetype:pdf, ambayo huleta vijitabu na ripoti.

Kwa njia hiyo nilisoma kwamba mibuni ya zamani kama yangu, N39 na KP423, hushambuliwa kwa urahisi, kwamba dawa za shaba hunyunyiziwa kuyakinga matunda kabla hayajaugua, na kwamba miche yenye ukinzani imezalishwa na watafiti wa kahawa wa Lyamungu, huko huko Hai, ambako ningeweza kwenda kwa daladala.

Mpwa wangu nimemwonyesha ile alama ya kutoa. Amesema alikuwa anaijua.