Dakika moja ya katuni kabla sijafungua duka

Darasa la saba nilimaliza najua "table" na "cow", lakini mgeni akiniuliza kitu dukani hapa Tanga, maneno yanakwama kooni. Sasa ni miezi minne najifunza Kiingereza kwa vipande vya katuni, alfajiri, chai ikichemka.

Nilichokirudia kuliko vyote ni kipande cha karibu na mwanzo wa Finding Nemo, filamu ya Pixar ya mwaka 2003. Mtoto wa samaki anamwamsha baba yake: leo ndiyo siku ya kwanza ya shule! Baba, usingizi haujamtoka, anaomba "five more minutes". Nikasimamisha hapo. Sisi dakika inatangulia, ndipo tano, ndipo zaidi. Wao wanaanza na hesabu, "more" inakaa katikati, dakika inakuja mwisho. Nikaandika nyuma ya daftari la madeni: "two more eggs", "one more kilo". Jioni ile ile mgeni alinunua soda, nikamuuliza, "One more?" Akachukua ya pili.

Na "get up" si "wake up" tu. Hii ya pili ni macho kufunguka, ile ya kwanza ni mwili kutoka kitandani. Nimeielewa kwa kumtazama yule baba.

Napenda pia kwamba sauti za katuni hurekodiwa studioni, hakuna honi wala upepo, kila neno linasikika. Kwa anayeanza, hiyo ni nafuu kubwa mno.

Kesho natafuta kipande cha jikoni. Sufuria na mwiko bado sijui wanaviitaje.