Miaka Kumi ya Mfasiri

Mwaka 1853 Harriet Beecher Stowe, mwandishi Mmarekani wa riwaya ya Uncle Tom's Cabin, alimshtaki mjini Philadelphia mchapishaji wa gazeti la Kijerumani aliyekitafsiri kitabu chake bila idhini, ilhali mwenyewe alikwisha kuagiza tafsiri yake ya Kijerumani. Alishindwa. Kwa maoni ya Jaji Grier, mwandishi akishakitoa kitabu hadharani, mawazo yaliyomo huwa ya kila msomaji, na sheria humlindia maneno yake tu, ambayo mfasiri hakuyachukua. Mimi ninayeishi kwa kutafsiri, hukumu hiyo hunifurahisha na kunikera papo hapo, kwa kuwa inanitambua kama mtunzi huku ikimpora mtunzi mwenzangu.

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliotiwa saini mwaka 1886 na nchi 10, zikiwamo Liberia na Tunisia, ulitafuta njia ya kati: mwandishi alibaki na haki ya kutafsiri kwa miaka 10 tangu kitabu kitoke. Marekebisho ya Paris ya mwaka 1896 yalimwongezea muda aliyewahi kutoa tafsiri ndani ya miaka hiyo, na yale ya Berlin ya mwaka 1908 yakailinganisha haki ya kutafsiri na hakimiliki nyingine zote. Japani, iliyokuwa ikijifunza elimu ya Ulaya kwa njia ya tafsiri, haikukubali. Iliishikilia kanuni ya miaka 10 kwa miongo mingi, na sidhani kama ilikosea.

Nchi zilizotoka katika ukoloni zilidai nafuu ya aina hiyo mkataba ulipofanyiwa marekebisho huko Stockholm mwaka 1967, wachapishaji wa nchi tajiri wakaja juu, na mwaka 1971 suluhu ikapatikana Paris. Nchi inayoendelea inaweza kutoa leseni ya kutafsiri bila ridhaa ya mwenye haki baada ya miaka 3, au mwaka 1 iwapo lugha husika haitumiki kwa kawaida katika nchi zilizoendelea, kama Kiswahili. Lakini hapo huongezwa miezi 9 ya kungoja, na tafsiri yenyewe iwe ya kufundishia au ya utafiti. Riwaya ya kujisomea kitandani haimo. Kila ninapoandika barua nyingine ya kuomba ruhusa, humwonea wivu Mwalimu Nyerere, ambaye alipomtafsiri Shakespeare hakuwa na mrithi wala mchapishaji wa kumbembeleza.