Januari ya Minneapolis juu ya baiskeli ya umeme

Watu huniuliza kwa nini sipandi basi Januari, nyuzijoto zikishuka hadi 15 chini ya sifuri. Jamani, naipenda Midtown Greenway, njia ya baiskeli isiyopitiwa na magari hapa Minneapolis, Marekani, alfajiri: theluji imeshazolewa na hakuna gari la kunisukuma pembeni.

Baiskeli ya umeme ina baridi yake. Mota inakufanyia kazi, kwa hiyo mwili haupati joto la kukanyaga pedali, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa upepo unakata uso. Mwanzoni naiweka mota kwenye nguvu ndogo kabisa mpaka mapaja yapate moto.

Vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi. Glovu peke yake, hata ziwe nene vipi, hazitoshi. Dawa ni ile mifuko mikubwa inayovalishwa kwenye usukani: unaingiza mkono mzima, breki na kitufe cha mota vimo humohumo, na ndani unavaa glovu nyepesi tu. Mwenye ndugu anayeendesha huku amnunulie, tafadhali. Soksi ziwe za sufu, na kiatu kisibane.

Betri naichomoa na kuingia nayo kazini. Baridi huipunguzia umbali, na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Naiacha kwanza ipate joto la chumba, ndipo naichomeka.