Kinga (baiskeli) yako kabla mvua haijashika Lubumbashi

Septemba na Oktoba hapa ni joto na vumbi jekundu, kisha Novemba mvua inashika. Anayetoka Ruashi au Katuba kwenda kazini mjini aandae kinga mapema.

Anza na cheni. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, linakula meno ya gia. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha weka tone moja la oili kwenye kila kiungo. Zungusha pedali kinyumenyume, subiri dakika 10, ufute kwa kitambaa oili inayobaki nje. Oili chafu ya gari usiitumie, hata kama ni ya bure: inanasa mchanga.

Breki ndizo zinazodanganya watu. Rimu ya chuma ikilowa, raba zinateleza tu. Bana breki kidogo mita kadhaa kabla ya njia panda ili zipanguse maji, ndipo ubane kwa nguvu. Ukisikia mkwaruzo, simama, toa chembe za mawe zilizozama kwenye raba kwa ncha ya kisu, la sivyo zitachimba rimu.

Madigadi yaachie nafasi ya kidole kimoja juu ya tairi. Udongo wetu unaganda hapo mpaka gurudumu ligome. Upepo punguza kidogo tu, tairi lishike vizuri. Ukipunguza mno, shimo la kwanza litabana tyubu na kuitoboa mara mbili.

Na dimbwi usilolijua, lizunguke. Huenda ni mtaro usio na mfuniko.