Matiti Yangu: Kwa Nini Nilipunguza Uzito Kabla ya Kukubali Upasuaji

Kifuani mwangu kulikuwa na vitu viwili, mafuta na tezi ya titi, yaani ile nyama ngumu iliyo chini ya chuchu, na kila kimoja kilikuwa na tiba yake. Kabla sijalifahamu hilo, niliamini kwamba sina budi kuchagua njia moja kati ya zile mbili ambazo wanaume wenye matiti makubwa huambizana kwa siri: ama upungue mwili, ama ukatwe. Nilikuwa na umri wa miaka 34, uzito wa kilo 101 na urefu wa sentimita 172, nikifanya kazi ya uhasibu Morogoro. Matiti nilikuwa nayo tangu balehe, lakini yalizidi kukua kadiri kitambi kilivyoongezeka. Aibu yake sitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa mwenye tatizo hili anaijua vizuri, hasa pale shati jepesi linapolowa jasho.

Daktari bingwa wa upasuaji aliyenipokea alikuwa mtu mzima, na aliniita mwanangu tangu nilipoketi. Alinilaza chali, akaniagiza niweke mikono nyuma ya kichwa, kisha akashika titi kwa kidole gumba upande mmoja na kidole cha shahada upande wa pili, akavisogeza vidole hivyo taratibu kuelekea kwenye chuchu. Alinieleza kwamba titi likiwa la mafuta matupu, vidole hukutana bila kizuizi. Kwangu viligota, kulia na kushoto, kwenye kitu cha mviringo, kigumu kiasi na chenye kunyumbuka, kama kitufe kikubwa cha koti kilichofichwa chini ya chuchu. "Hiki, mwanangu, hata ukikimbia mpaka Dodoma hakiyeyuki," alisema. "Kinachokizunguka ndicho kitakachoyeyuka."

Maswali yaliyofuata yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Aliuliza kuhusu pombe, ini na figo, na dawa zote nilizowahi kutumia, kwa sababu zipo dawa za kawaida zinazoweza kukuza matiti ya mwanamume: spironolaktoni wanayopewa wagonjwa wa moyo, simetidini ya vidonda vya tumbo, ketokonazoli ya vidonge, efavirenzi kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, bila kusahau homoni wanazojidunga baadhi ya wanyanyua vyuma. Aliuliza pia kama chuchu imewahi kutoa damu, na akatafuta uvimbe mgumu uliokaa pembeni ya chuchu upande mmoja tu, kwa kuwa saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa kwa nadra. Alipotaka kunipima korodani nilisita, mpaka aliponifahamisha kwamba uvimbe wa huko unaweza kutoa homoni zinazokuza matiti. Vipimo vya damu na ultrasaundi havikuonyesha ugonjwa mwingine. Kilichoonekana ni tezi na mafuta.

Hoja yake ya kuanza na uzito ndiyo iliyonishawishi. Mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ambayo hukuza tezi ya titi, kwa hiyo kitambi changu kilikuwa kikiilisha tezi ileile niliyotaka iondoke. Isitoshe, daktari anayepasua kifua kilichonona huwa anakadiria tu umbo litakalobaki, na mgonjwa akipungua sana baadaye, ngozi hulegea na kuning'inia, hata ikabidi apasuliwe tena. Mtu mnene pia hukabiliwa na hatari zaidi anapopewa nusu kaputi.

Kupungua kwenyewe hakukuwa na siri yoyote. Niliacha soda na chipsi mayai za usiku, chapati za asubuhi nikaziacha kwa siku maalumu, ugali nikaupunguza, na nafasi iliyobaki kwenye sahani nikaijaza mchicha, maharage na dagaa. Jioni nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilinyanyua vyuma pia, lakini niseme wazi kwamba pushapu haziyeyushi mafuta ya kifuani. Hujenga msuli ulio chini yake, na mafuta hupungua mwili mzima unapopungua. Krimu na vidonge vinavyotangazwa kwenye simu sikuvigusa, kwa kuwa dawa isiyotaja viambato vyake inaweza kuwa na homoni zilezile ninazozikimbia.

Mwaka ulipopita na ushee nilikuwa na kilo 82, na sehemu kubwa ya matiti ilikuwa imekwisha. Yumkini mwenzangu asiye na tezi angeishia hapo, na kwake upasuaji ungekuwa gharama ya bure. Kwangu mimi, kitufe kilibaki vilevile, na kwa kuwa mafuta yaliyokifunika yalikuwa yameondoka, chuchu zilichongoka kuliko mwanzo. Niliuliza kuhusu vidonge vya tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni isifanye kazi kwenye titi, nikajibiwa kwamba husaidia zaidi tezi ikiwa bado changa na inauma. Tezi iliyokaa miaka mingi huwa imegeuka kuwa nyuzi ngumu, na dawa haiipunguzi.

Bima ilikataa kulipa, ikiuita upasuaji huo urembo, nami nikatumia akiba yangu ya kikoba. Daktari alichana ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu, mahali ambapo kovu hujificha kati ya rangi mbili za ngozi, akaitoa tezi na kubakiza tabaka dogo ili chuchu isije ikadidimia, kisha akanyonya kwa mrija mafuta yaliyosalia pembeni. Nyama iliyotolewa ilipelekwa maabara. Kilichonitia hofu zaidi kilikuwa keloidi, yaani kovu linalovimba na kuzidi jeraha lenyewe, kwa kuwa dada yangu alivimba masikio baada ya kutobolewa, na kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoota makovu hayo kwa urahisi. Daktari alinitahadharisha mapema, akafuatilia kovu kwa karibu, na mpaka sasa limetulia. Nilivaa fulana ya kubana usiku na mchana kwa wiki kadhaa, upande wa kushoto ukakusanya damu kidogo iliyohitaji kutolewa, na chuchu zilikaa na ganzi kwa miezi. Ganzi hiyo ya kushoto haijaisha yote.

Daktari alinionya kwamba nikinenepa mafuta yatarudi kifuani hata kama tezi haipo, kwa hiyo mizani bado ipo chumbani.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, ameanza kuvimba vilevile, na mama yake alitaka tumpeleke akapasuliwe wakati wa likizo. Nilimsihi asubiri. Hali hiyo huwapata wavulana wengi wanapobalehe, na kwa walio wengi huisha yenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2. Tumempeleka kupimwa, hana ugonjwa mwingine, na daktari amepanga kumwona tena baada ya miezi 6.